Fundisheni Aliye Nyuma ya Wavu

Ukitaka kujua vijana wa Kenya hutibiwa wapi, usianze na hospitali. Simama karibu na kemisti yoyote ya mtaani, Pipeline, Githurai, Kondele ama Bombolulu, kuanzia saa moja jioni watu wakitoka job. Hesabu wanaoingia. Kuna mwenye kikohozi, kuna mama ambaye mtoto ana homa, kuna fundi amekatwa na mabati, kuna dada wa saluni anataka kitu ya kichwa. Hakuna anayeulizwa kitambulisho. Hakuna kadi, hakuna faili ya kufunguliwa. Unasema shida, unasema pesa uliyo nayo, "daktari nipatie ya mia," na unapewa ya mia.

Tunamwita daktari na wengi wetu tunajua si daktari. Tunamwita hivyo juu ndiye tunampata. Mwaka wa 2024 madaktari wa serikali waligoma siku 56. Kemisti hazikufungwa hata siku moja. Mimi nilipoacha chuo niliacha pia kliniki ya chuo, ile ya kuingia na kadi ya mwanafunzi bila kulipa. Tangu hapo kliniki yangu ni mlango wa bluu chini ya ploti, katikati ya kinyozi na duka la M-Pesa.

Sasa, hoja yangu ni hii. Kama tuna nia ya kuzuia HIV kwa watu wa rika langu, mafunzo na dawa zipelekwe kwa huo mlango. Na yakipelekwa, afundishwe mtu anayesimama hapo saa mbili usiku, asifundishwe tu yule mwenye jina kwa cheti kilichotundikwa ukutani. Hao mara nyingi ni watu wawili tofauti, na ndio maana nimeamua kuandika.

Tuanze na saa 72

Kuna namba moja kila kijana wa mtaa anaijua hata akiamshwa usiku: saa 72. Mkilala bila kinga na hamtaki mimba, mko na siku tatu za kununua P2, na mapema ni afadhali. Hakuna aliyetufundisha hiyo darasani. Tuliifunza kwa marafiki na kwa kemisti.

Kuna namba nyingine, nayo pia ni saa 72, ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Kama unahofia umepatana na virusi vya ukimwi, labda kondomu imepasuka, labda umebakwa, labda umegundua ulilala na mtu ambaye hali yake huijui, kuna dawa zinaitwa PEP. Unazianza ndani ya saa 72, na kila saa unayongoja inakupunguzia nafasi, kisha unameza kila siku kwa siku 28. Kwa hospitali za umma hazilipiwi.

Halafu kuna PrEP, ambayo ni ya kabla. Unameza ukiwa huna virusi, ili usivipate. Kenya ilianza kuisambaza nchi nzima Mei 2017. Ukiimeza inavyofaa, inapunguza hatari ya kuambukizwa kwa njia ya ngono kwa takriban asilimia 99. Haizuii mimba, haizuii kisonono wala kaswende, kwa hivyo kondomu bado iko na kazi. Lakini kwa HIV peke yake, ni silaha kubwa ambayo babu na nyanya zetu hawakuwa nayo wakati Rais Moi alipotangaza ukimwi janga la kitaifa Novemba 1999.

Sasa fikiria Jumatatu asubuhi. Msichana anakuja kwa kemisti anaomba P2. Yule anayemuuzia tayari anajua kilichofanyika wikendi. Anajua kondomu haikutumika, ama ilipasuka. Hakuna mtu mwingine kwa mfumo mzima wa afya ya nchi hii anayejua hiyo habari kwa wakati huo. Si muuguzi, si daktari, si mama yake. Na saa 72 za PEP zinahesabika pamoja na saa 72 za P2, kwa saa ileile ya ukutani. Anachukua pesa, anampa kijipakiti kwa karatasi ya kaki, anasema "next."

Mimba imeshughulikiwa. Virusi havikutajwa.

Silaumu huyo muuzaji. Kama hakuna mtu aliwahi kumwonyesha vile hilo swali linaulizwa, angeanzia wapi? Ukiuliza vibaya, kastoma anakasirika na kesho anaenda kemisti ya ng'ambo ya barabara.

Niliyoona kwa rafiki yangu

Nina rafiki ambaye amenikubalia niseme hii bila jina. Ijumaa usiku, kama saa tano, kondomu ilipasuka. Jumamosi asubuhi walikuwa kwa kemisti na mpenzi wake. Mwanamke akapewa P2. Mwanaume akaeleza kila kitu, kwa sababu alikuwa na hofu na ile hofu ilimtoa aibu, akauziwa vidonge vya antibiotiki "vya kusafisha." Aliambiwa ameze yote amalize. Akaondoka akiwa ametulia.

PEP alisikia Jumanne mchana, kwa mazungumzo ya bure tu na mtu wa job. Saa zake zilikuwa zimeisha Jumatatu saa tano usiku. Antibiotiki haina kazi kwa HIV. Inaua bakteria, na HIV ni virusi. Huyo muuzaji hakuwa anamwibia, alimpa kile alichojua.

Matokeo ya vipimo vyake ni yake na sitayaandika. Nitakuambia tu niliona miezi mitatu ya mtu kutolala. Aliacha kushiriki kikombe na dada yake, ingawa HIV haiambukizwi hivyo na alijua. Hofu haisikii sayansi. Na hayo yote yangeepukwa na sentensi moja Jumamosi asubuhi: "Kaka, nenda kwa kitengo cha dharura cha hospitali ya serikali leo, si Jumatatu, uwaambie unataka PEP."

Hiyo sentensi inafundishika. Haihitaji digrii.

Kwani hospitali zimeenda wapi?

Najua mtu atasema, dawa ziko hospitali, watu waende huko. Ni kweli ziko. Lakini angalia kinachohitajika. Uombe ruhusa kwa bosi siku ya kazi. Ulipe nauli. Ukae kwa benchi ambalo kila mtu anajua ni la nini, na jirani ya mamako anapita. Kuna watu wangependa kuugua kuliko kuonwa kwa hilo benchi. Nimesikia pia wasichana wakilalamika juu ya chupa ya PrEP: inafanana na ya ARV, vidonge vinagongana ndani ukitembea, na mtu akiisikia kwa mkoba wako ameshaamua wewe ni mgonjwa.

Halafu 2025 ikakuja. Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje. Mpango wa PEPFAR, ambao tangu 2003 ulikuwa umebeba sehemu kubwa ya kazi ya ukimwi huku, ukayumba. Vituo vingi vya kuhudumia watu walio kwa hatari zaidi vikafungwa, wahudumu wakatumwa nyumbani. Hata Marekani ilipolegeza kidogo Februari, PrEP kwa pesa zao iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Kijana wa kiume, msichana asiye na mimba, dada anayeuza mwili: hao waliambiwa wangoje.

Wakati huo huo namba hazikungoja. Makadirio ya kitaifa yanaonyesha maambukizi mapya yalikuwa zaidi ya 16,000 mwaka wa 2023, kisha yakapanda hadi karibu 20,000 mwaka wa 2024. Hiyo ni kabla hata misaada haijakatwa. Na mzigo haujagawanywa sawa. Utafiti wa KENPHIA wa 2018 ulipata wanawake wanaoishi na virusi ni asilimia 6.6, wanaume asilimia 3.1. Homa Bay peke yake ilikuwa asilimia 19.6.

Kwa hivyo swali la kama kemisti zihusishwe ni la zamani. Tayari zinahusika, kwa P2, kwa kondomu, kwa vile vifaa vya kujipima HIV ambavyo zimekuwa zikiuza kwa miaka kadhaa. Kilichobaki ni kama wanaouza watajua wanachofanya.

Imejaribiwa, na hapa hapa

Hii si ndoto yangu. Watafiti wakishirikiana na KEMRI walijaribu kutoa PrEP kwa kemisti 12 za kibinafsi, Kisumu na Thika. Walifundisha wahudumu wa hizo kemisti. Walipewa orodha ya maswali ya kufuata hatua kwa hatua, na kulikuwa na daktari wa kupigiwa simu wakikwama. Kastoma anapimwa hapo hapo, anaulizwa juu ya hatari zake na afya yake, akifaa anapewa dawa, akikosa kufaa anatumwa mbele. Watu walikuja. Wengi walianza, na kurudi kwao kuchukua dozi nyingine hakukuwa kubaya kuliko kliniki za umma.

Nje pia wanafanya. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka wa 2019 kuruhusu wafamasia waliopata mafunzo kutoa PrEP na PEP bila mtu kupitia kwa daktari kwanza. Afrika Kusini ilitengeneza mafunzo maalum ya wafamasia kwa ajili hiyo, yanaitwa PIMART, na kikundi cha madaktari wa kibinafsi kikaenda kortini kuyapinga. Mwaka wa 2023 Mahakama Kuu ya Pretoria ilikataa hoja za hao madaktari. Nataja hiyo kesi ili ujue: siku Kenya itaamua kufungua huu mlango kabisa, kutakuwa na watu wenye makoti meupe wa kuusukuma ufungwe.

Mafunzo yenyewe ni ya nini

Watu wakisikia "mafunzo" wanafikiria hoteli, maji ya chupa, vyeti na picha ya pamoja. Wacha niseme yanafaa kuwa na nini, kwa lugha ya mtaa.

Kwanza, kuuliza. Hapa ndipo kazi ngumu iko. Huwezi kumwangalia mtu usoni na kumuuliza "una wapenzi wangapi?" kama polisi. Lakini unaweza kusema: "Hii P2 inazuia mimba peke yake. Kuna dawa nyingine ya kuzuia virusi. Ukitaka nikueleze, sogea huku kando." Umempa mlango, hujamsukuma. Akikataa, ameondoka akijua kuna kitu kama hicho. Hiyo sentensi ifanyiwe mazoezi, mmoja akiwa muuzaji na mwingine kastoma, mpaka itoke mdomoni bila kukwama.

Pili, kupima kabla ya kutoa. Hii si ya kuchezea. PrEP ni dawa za ARV, lakini hazitoshi kutibu mtu ambaye tayari ana virusi. Ukimpa mtu kama huyo bila kumpima, virusi vinaweza kuzoea dawa na kuwa sugu, na baadaye matibabu yake yanakuwa magumu. Hakuna kipimo, hakuna PrEP. Na kila miezi mitatu anapimwa tena.

Tatu, kutambua mwanzo wa maambukizi. Hii ilinishangaza nilipoisoma. Wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, watu wengi hupata homa, koo kuuma, vipele, tezi kuvimba. Inafanana na homa ya kawaida ama malaria, na vipimo vya haraka vinaweza kuwa bado havioni kitu. Huyo mtu anaenda wapi na homa yake? Anaenda kemisti, ananunua dawa ya mia. Muuzaji aliyefundishwa atauliza swali moja zaidi na kumwambia arudi kupimwa. Asiyefundishwa atamuuzia Panadol, na hiyo nafasi imepita.

Nne, mwili na dawa zingine. Moja ya dawa zilizo ndani ya PrEP inahitaji tahadhari kwa mtu mwenye shida ya figo. Na kemisti ndiyo inauza zile diclofenac ambazo watu wa mjengo wanameza kama peremende, ambazo pia hazipendani na figo. Nani mwingine ana nafasi ya kuona hizo mbili kwa mkono wa mtu mmoja? Pia aelezwe kwamba wiki za kwanza kichefuchefu na kichwa kuuma ni kawaida kwa wengine na hupungua, ndio mtu asitupe chupa siku ya nne.

Tano, mdomo. Kunyamaza. Sheria ya ukimwi ya 2006 inakataza kufichua matokeo ya mtu bila idhini yake, na sheria ya kulinda data ya 2019 inaweka habari za afya kwa zile nyeti. Lakini mtaani sheria ni ile muuzaji anaishi nayo. Akisema neno moja kwa saluni, kemisti yake imekufa kwa hiyo kazi. Hakuna msichana atarudi, na hatakuambia kwa nini.

Nani afundishwe

Hapa ndipo nitakosana na watu.

Ukutani kwa kemisti halali kuna leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, ile PPB, na jina la mfamasia ama mtaalamu wa dawa aliyesajiliwa. Kwa kemisti nyingine huyo mtu yuko hapo kutoka asubuhi hadi usiku, na Mungu ambariki. Kwa nyingine nyingi, mwenye jina ana job mbili, anapitia mara moja kwa wiki. Anayekuhudumia ni kijana ameajiriwa kuuza. Mara nyingi ni wa umri wangu. Anajua bei zote kwa kichwa na majina ya nusu ya mtaa.

Semina ikitangazwa, anayeenda ni mwenye jina. Anapata cheti, kinatundikwa kando ya kile kingine. Na saa mbili usiku msichana wa P2 anapata yule kijana ambaye hakualikwa.

Sisemi kijana asiyesajiliwa apewe ruhusa ya kutoa ARV. Hapana. Sheria ikae pale pale: kupima na kutoa PrEP ni kwa waliosajiliwa, na PPB iendelee kufunga kemisti feki bila huruma. Ninachosema ni kwamba kuna kazi mbili na watu wanazichanganya. Kutoa dawa ni kazi ya mtaalamu. Kusema ile sentensi moja, kujua PEP ni nini, kujua hospitali gani ya karibu inayo usiku, kujua kwamba antibiotiki "haisafishi" virusi, na kumpigia mwenye jina simu ama kumwita kastoma arudi akiwepo, hiyo ni kazi ya yeyote anayesimama kaunta. Na huyo ndiye hakuna anayemfundisha.

Kama hilo halitawezekana, basi masharti yawe wazi: kemisti inayotaka kutoa PrEP lazima mtaalamu awe ndani saa zote inapotoa. Chagueni moja. Lakini msitundike cheti cha mtu ambaye hayuko na mseme mtaa umehudumiwa.

Wavu na pesa

Kuna vitu viwili ambavyo mafunzo peke yake hayawezi kuvitatua.

Cha kwanza ni wavu. Kemisti nyingi za mtaa zina wavu wa chuma kutoka kaunta hadi juu, na kijidirisha cha kupitishia pesa na dawa. Uko hapo kwa sababu ya wezi, naelewa. Lakini jaribu kuzungumza juu ya kondomu iliyopasuka kupitia kijidirisha, boda inanguruma nje na watu wanne wako nyuma yako. Mwaka jana nilikuwa kwa foleni nyuma ya msichana mmoja. Alinong'ona. Muuzaji hakusikia, akauliza kwa sauti, "P2?" Foleni yote ikasikia. Kijana mmoja akacheka. Yule dada alisema "hapana, Panadol," akalipa, akaenda. Sijui kama alipata P2 kwingine. Kwa hivyo mtaalamu hata awe amefundishwa vipi, bila kona ndogo yenye pazia na viti viwili, hakuna kitakachosemwa. Pazia na viti si gharama ya kutisha. Viwe sharti.

Cha pili ni pesa. Chupa ya dawa ya kikohozi inauzwa kwa dakika moja na ina faida. Kupima mtu na kuzungumza naye kunachukua robo saa na zaidi, na kastoma wengine wanaondoka. Ukimwambia mfanyabiashara afanye hivyo bure kwa sababu ya uzalendo, atafanya wiki mbili. Ama kastoma alipie huduma kidogo huku dawa ikitoka bure kwa serikali, ama SHA, ambayo imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ilipie kemisti kila mtu aliyepimwa na kushauriwa. Mimi napendelea ya pili, juu ukiweka bei, hata ndogo, unafungia nje yule asiye nayo, na mara nyingi ndiye aliye kwa hatari zaidi.

Na wale wanaosema hii itafanya vijana wawe malaya: hiyo hoja ilisemwa juu ya kondomu, ikasemwa juu ya P2. Vijana walikuwa wanalala pamoja kabla ya zote mbili. Angalia tu tarehe za kuzaliwa za wazazi wetu.

Kuna pingamizi moja ninaiheshimu zaidi. Watu wanauliza, kemisti hizi hizi zinazouza antibiotiki mbili mbili kama sigara, ndizo mnataka kuzipa ARV? Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana sitaki kila kemisti. Nataka zile zilizo tayari kukaguliwa, kuweka rekodi, kuwa na kona ya faragha, na kurudia mafunzo kila mwaka. Mtu anayejifanya kastoma atumwe bila taarifa aone kama maswali yanaulizwa. Atakayefeli apoteze kibali. Zianze chache kwa kila mtaa, na zijulikane.

Na haraka iko, kwa sababu dawa zinabadilika. Mwaka wa 2024 utafiti wa sindano ya lenacapavir, inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka, uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, haukupata hata mwanamke mmoja aliyeambukizwa kati ya zaidi ya 2,000 waliodungwa. Mara mbili kwa mwaka. Hakuna chupa ya kugongagonga kwa mkoba. Lakini sindano inahitaji mkono uliofundishwa na mahali mtu yuko tayari kwenda. Tukingoja mpaka ijae nchini ndio tuanze kuuliza nani atadunga, tutakuwa tumechelewa tena.

Wewe unaweza kuanza leo bila kungoja serikali. Ukienda kwa kemisti yako, uliza maswali matatu. Mwenye leseni hii yuko hapa saa ngapi? Mtu akihitaji PEP usiku huu, mnamtuma wapi? Kuna mahali tunaweza kuzungumza bila hawa watu kusikia? Uliza kwa heshima, yeye pia yuko kazini. Kama ana majibu, rudi kwake na ulete marafiki. Kama hana, utakuwa umempa sababu ya kuyatafuta, na angalau wewe utakuwa umejua kabla ya Ijumaa usiku.